Gurudumu la treni hulikaje, na kompyuta hujuaje mapema?

Msikilizaji, ukisimama karibu na reli wakati treni inakata kona, utasikia chuma kikilia. Hapo gurudumu linasuguana na reli, na kila safari linapoteza chuma kidogo, kama jembe linavyopungua msimu baada ya msimu.

Tukumbuke kwamba treni haina usukani. Gurudumu hubaki relini kwa sababu ya umbo lake na ukingo uliochomoza upande wa ndani. Ukingo huo ukilika ukawa mwembamba kupita kiasi, treni inaweza kuacha njia. Ndiyo maana mafundi hupima magurudumu na kuyakereza upya karakanani ili umbo lirudi. Lakini kukereza nako hula chuma. Wakiwahi mno, gurudumu litakwisha kabla ya wakati wake; wakichelewa, abiria wako hatarini.

Hapo ndipo kompyuta inaposaidia. Programu nyingi hutumia kanuni iliyochapishwa na John Archard mwaka 1953: mzigo ukizidi na mtelezo ukirefuka, chuma hulika zaidi, chuma kikiwa kigumu, hulika kidogo.

Programu hupewa uzito wa behewa, mwendo, kona za njia, na umbo la gurudumu na la reli. Kisha treni huendeshwa ndani ya kompyuta. Gurudumu lenye kubeba tani kadhaa hugusa reli kwenye eneo dogo, kiasi cha ukucha wa kidole gumba. Programu hukokotoa ni wapi katika eneo hilo chuma kinateleza, kwa kuwa panapoteleza ndipo panapolika. Gurudumu likishalika kidogo, umbo hubadilika na sehemu inayogusa reli huhama. Kwa hiyo programu huchukua umbo jipya na kuanza hesabu tena, mara nyingi, hadi zitimie kilomita maelfu.

Je, majibu yake yanaaminika? Mwaka 2002, Tomas Jendel wa chuo cha KTH nchini Uswidi alichapisha utafiti uliolinganisha hesabu za namna hii na vipimo vya magurudumu halisi ya treni za abiria za Stockholm. Vilikaribiana.

Hata hivyo, mvua, mchanga na grisi ya reli hubadilisha msuguano. Kompyuta humwambia fundi lini aanze kuwa macho. Gurudumu lenyewe bado lazima lipimwe.