Kivumbasi si Chandarua

Unaujua mmea wa kivumbasi. Wengine huuita mrumbasi. Huota wenyewe kando ya njia na kwenye mahame. Ukisugua jani lake mkononi, harufu kali inapanda puani. Nyuki wanaupenda sana unapotoa maua.

Katika vijiji vingi kando ya Ziwa Victoria, wazee hufunga matawi yake na kuyaning'iniza mlangoni jioni. Wengine huyaweka juu ya makaa ili moshi wake ufukuze mbu. Je, ni kweli mbu hukimbia? Ni kweli. Wataalamu wamepima jambo hili hapa Tanzania na Kenya. Wameona kwamba harufu ya kivumbasi hupunguza mbu wanaoingia ndani na wanaouma.

Harufu hiyo inatoka wapi? Juu ya ngozi ya jani kuna vifuko vidogo sana vya mafuta. Jani likisuguliwa au likipata moto, vifuko hupasuka, mafuta yanaruka hewani. Aina moja ya kivumbasi ina kafuri nyingi. Hata mbegu za anisi na shamari, zinazotiwa katika chai na mikate, zina mafuta ya namna hii, ila harufu yake ni tamu.

Kwa kuwa mafuta huruka, hayakai. Moshi ukiisha, mbu wanarudi. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, watu wakiwa wamelala na makaa yamezimika. Hapo kinachokulinda ni chandarua chenye dawa. Mama mjamzito hupewa chandarua kliniki. Asikitumie kuvulia dagaa! Tena moshi mwingi ndani ya nyumba huumiza kifua cha mtoto. Afadhali matawi mabichi ya kuning'iniza kuliko moshi.

Kwenye ghala pia kivumbasi kina kazi. Kausha majani kivulini, yaponde, changanya na maharage au mahindi yaliyokauka vizuri. Fukusi hupungua. Baada ya wiki chache harufu hufifia, basi weka majani mapya. Lakini usikitegemee kwa dumuzi, yule ambaye wengine humwita Skania, aliyeonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huyo ana meno! Kwa dumuzi, muulize bwana shamba wako.

Wenzetu wa Kakamega, Kenya, wamekwenda mbele zaidi. Kikundi cha wakulima cha Muliru, jirani na msitu wa Kakamega, hulima kivumbasi chenye kafuri na kukamua mafuta yake. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Majani huwekwa katika pipa juu ya maji yanayochemka. Mvuke hupita katika majani, huchukua mafuta, kisha hupita katika bomba lililopozwa kwa maji baridi. Mvuke hugeuka maji, na mafuta huelea juu. Gunia zima la majani hutoa kichupa kidogo tu. Mafuta hayo huchanganywa na kutengenezwa dawa ya kuchua, kwa mafua na maumivu ya misuli.

Sasa sikilizeni, kina mama na kina baba. Mafuta yaliyokamuliwa si sawa na jani. Nguvu ya majani mengi imo katika matone machache. Usimnyweshe mtoto mafuta hayo, hata tone moja. Usimpake mtoto mchanga puani. Anaweza kushindwa kupumua. Kafuri ikimezwa na mtoto huweza kumtia degedege, na watu wakadhani ni malaria au mashetani. Weka kichupa juu, mbali na watoto. Mtoto akimeza, usimtapishe. Mkimbize zahanati, na kichupa ukichukue.

Mtoto mwenye homa apimwe damu siku hiyo hiyo. Akiwa na malaria, atapewa dawa mseto. Kivumbasi hakitibu malaria.

Ukitaka kukipanda, sia mbegu kitaluni kabla ya mvua, maana mbegu zake ni ndogo mno na hazitaki kufukiwa sana. Miche ihamishie shambani, futi 2 kati ya mche na mche. Kinapoanza kutoa maua, kata matawi, acha shina la futi 1. Litachipua tena.