Breki Ndani ya Matope

Wasomaji wetu wakaao katika nchi ya milima wajua vema jinsi njia ya udongo ibadilikavyo baada ya mvua. Asubuhi waipanda bila taabu. Jioni washuka njia ile ile, nayo imekuwa kama sabuni. Sisi wenyewe tulipata kuanguka namna hiyo, tukiwa tumefunga daftari za wanafunzi nyuma ya baisikeli. Tuliona kona, tukaogopa, tukakaza breki ya mbele kwa nguvu zetu zote, na mara tukajikuta mtaroni, daftari zimetawanyika matopeni. Kesho yake mtoto mmoja, akipangusa daftari lake, alituuliza kwa adabu: «Bwana Mwalimu, kwa nini ulikaza breki?» Darasa zima likacheka. Siku ile hatukuwa na jibu.

Jibu tulilipata baadaye, tulipotazama picha za mashindano ya kushuka mlima kwa baisikeli yaliyofanyika Champéry, katika nchi ya Uswisi, mwezi wa Septemba mwaka 2011. Tumezitazama mara nyingi tangu hapo, nasi twataka kuwasimulia wasomaji wetu habari zake.

Kwanza yatupasa kueleza mchezo wenyewe. Wapanda baisikeli hawaondoki pamoja kama katika mbio za barabarani. Kila mmoja huachwa peke yake kutoka juu ya mlima, na saa humhesabia mpaka afike chini. Njia imezungushiwa utepe kuume na kushoto, nayo hupita msituni, juu ya mawe, mizizi na makorongo. Baisikeli zao si kama zetu za kubebea mkaa: zina springi ndefu mbele na nyuma, tairi nene zenye meno, na breki za sahani zisukumwazo kwa mafuta. Mpandaji huvaa kofia ngumu ifunikayo hata kidevu, pamoja na vikinga vya magoti. Katika mashindano ya ubingwa wa dunia, siku ya mwisho kila mtu hushuka mara moja tu. Akianguka, basi, hakuna kurudia mpaka mwaka ujao.

Mchezo huu ulizaliwa Marekani, na tangu mwanzo shida yake ilikuwa breki. Karibu na mji mdogo wa Fairfax, katika California, vijana walikuwa wakishuka mlima kwa baisikeli nzito za zamani, za kutolea magazeti. Mwaka 1976 walianza kushindana kwa saa. Baisikeli hizo zilikuwa na breki ya nyuma ikazwayo kwa kukanyaga kinyumenyume, ambayo hukaa ndani ya kitovu cha gurudumu. Katika mteremko ule mkali breki ilipata moto kiasi cha kuchoma grisi yote, moshi ukatoka. Na kila baada ya mbio ilibidi kitovu kifunguliwe na kujazwa grisi mpya. Ndiyo maana njia ile ikaitwa Repack, yaani «kujaza tena». Mwaka 1990 mchezo uliingia katika mashindano ya kwanza rasmi ya ubingwa wa dunia wa baisikeli za milimani, huko Durango, katika Colorado.

Basi, turudi Champéry. Ni kijiji cha jimbo la Valais, karibu na mpaka wa Ufaransa, chini ya vilele viitwavyo Dents du Midi. Njia yake ya mashindano ilikuwa na sifa moja iliyowatisha hata mabingwa: ukali wa mteremko. Katika sehemu nyingi mtu asiye na baisikeli angeshuka kwa kushika miti. Mwaka 2007, katika mbio za Kombe la Dunia zilizofanyika hapo, mvua kubwa ilishuka wakati wa zamu za mwisho. Na kwa kuwa wenye nguvu zaidi huachwa mwisho, wao ndio walioipata njia ikiwa imeharibika kabisa. Sam Hill wa Australia alishuka katika hali hiyo, na hata hivyo akawa wa tatu. Wapenzi wa mchezo huu wangali wakiisimulia mbio ile kuliko ya yule aliyeshinda.

Mwaka 2011 mabingwa walirudi pale pale, na njia ilikuwa imelowa tena.

Hapa inafaa tueleze kazi ya matope, kwa maana si matope yote yaliyo sawa. Matope ya majimaji, mvua inyeshapo kwa nguvu, huondoka yenyewe katika tairi. Yaliyo mabaya zaidi ni yale yaliyoanza kukauka, mazito kama udongo wa mfinyanzi. Hayo hujaza nafasi kati ya meno ya tairi mpaka tairi likawa laini kama chungu, na baisikeli ikaongezeka uzito. Kwa hiyo siku za mvua wapandaji hufunga tairi jembamba zaidi, lenye meno marefu yaliyoachana. Lakini meno marefu huyumba juu ya mawe magumu, na pengine fundi huyapunguza kwa kisu, moja moja. Kuchagua tairi ni kazi ya kukisia hali ya hewa, nasi tumewahurumia mafundi hao, kwa kuwa mawingu ya milimani hayamwambii mtu neno. Miwani nayo siku zile ilibandikwa karatasi nyembamba za plastiki, moja juu ya nyingine. Matope yalipofunika macho, mpandaji alibandua moja kwa mkono. Alichagua vizuri mahali pa kufanya hivyo, kwa sababu kwa nukta ile alikuwa ameshika usukani kwa mkono mmoja.

Tena iko habari ya breki, ile aliyotuuliza mtoto. Gurudumu linalozunguka huikamata ardhi kwa meno yake. Likifungwa lisizunguke, huteleza tu kama jiwe lililosukumwa. Gurudumu la nyuma likiteleza, mtu aweza kujiokoa; la mbele likiteleza, usukani hauna kazi tena, nawe umekwisha kuanguka kabla ya kujua. Tena ardhi iliyolowa ina nguvu kidogo tu ya kumpa mpandaji: akiitumia yote kwa kusimama, hakuna inayobaki ya kupinda kona. Kwa hiyo hukaza breki mapema, wakati baisikeli imesimama wima na ardhi ni nzuri, kisha huachia na kuingia konani. Mizizi iliyolowa ni mibaya kupita yote. Huipita kwa kuikata moja kwa moja, baisikeli ikiwa wima, vidole vimeachia breki kabisa. Akiipita kwa mshazari, au akikaza breki juu yake, humtupa ubavuni. Na anayekwenda polepole mno hupata taabu nyingine, kwa kuwa gurudumu lake hukwama nyuma ya kila mzizi na kila jiwe ambalo mwenye mwendo angelipita juu yake.

Hayo yote mpandaji hujifunza kwa miguu. Kabla ya kujaribu njia kwa baisikeli huitembea, akisimama mbele ya kila mzizi. Lakini magurudumu ya wengi huchimba mifereji, na njia ya siku ya mbio si ile aliyoitembea. Yambidi kuamua palepale.

Danny Hart alikuwa Mwingereza wa Redcar, mji ulio pwani ya bahari, si mlimani. Alikuwa amebakiza siku chache kutimiza miaka 20. Wengi walimjua kuwa kijana hodari, lakini hakuwa amewahi kuwa bingwa wa dunia wa wakubwa. Pamoja naye walikuwapo Sam Hill, bingwa wa mwaka uliotangulia, na Aaron Gwin wa Marekani, aliyelitwaa Kombe la Dunia mwaka ule. Zamu yake ilipofika, Hart alishuka kana kwamba njia ni kavu. Mara kwa mara tairi zilitoka mahali pake, mguu wake ukaruka nje, nasi tuliokuwa tukitazama tukadhani yamekwisha. Naye akarudisha mguu na kuendelea bila kupunguza mwendo. Pale ambapo wengine walikuwa wakishuka wamekaza mikono, yeye aliiacha baisikeli itembee chini yake, mwili wake umetulia juu. Alipofika kwenye mruko wa mwisho, mbele ya watu, aliilaza baisikeli ubavu angani, akaitua, akavuka mstari. Kwa maoni yetu mchezo ule wa angani haukuwa wa lazima, na kama angeanguka tungemlaumu sana.

Saa ilionyesha dakika 3 na sekunde 41.

Kisha akangoja. Aliye mbele hukaa chini, akiwatazama wengine washuke mmoja mmoja, wala hana awezalo kufanya. Wakashuka wenye majina makubwa kuliko lake, na hakuna aliyekaribia. Damien Spagnolo wa Ufaransa alikuwa wa pili, naye aliachwa kwa sekunde 11 na nusu na zaidi. Ili msomaji apime ukubwa wa hesabu hiyo, tumkumbushe kwamba mwaka 2013, katika mashindano ya namna hiyo hiyo yaliyofanyika hapa Afrika, huko Pietermaritzburg, Greg Minnaar wa Afrika Kusini alishinda nyumbani kwake kwa tofauti isiyofika nusu sekunde, tena tairi lake likiwa limepoteza pumzi karibu na mwisho. Katika mchezo huu nusu sekunde yatosha. Zaidi ya sekunde 11 ni jambo ambalo matope peke yake yaweza kulileta, kwa sababu huwafunga breki wengine wote.

Hart alipata ubingwa wa dunia tena mwaka 2016, huko Val di Sole katika Italia, lakini ya Champéry ndiyo watu waiombayo kuonyeshwa.

Nasi tulimwonyesha yule mtoto picha hizo katika simu, wakati wa mapumziko. Alitazama kimya mpaka mwisho. Hakusema neno juu ya ule mruko. Aliomba tu tumrudishie pale kwenye mizizi, apate kuona vidole.