Karatasi ya Vipimo Iliyolala Kabatini

Baada ya swala ya Alfajiri, mzee mmoja wa msikiti wetu hapa Dodoma alibaki ameegemea nguzo, mkono kifuani. Mwenyewe alisema ni vidonda vya tumbo, akaomba chai ya tangawizi. Tulimpeleka hospitali karibu kwa kumlazimisha. Huko alitolewa damu, na baada ya saa chache akatolewa tena, ili itazamwe protini iitwayo troponini. Protini hiyo makazi yake ni ndani ya misuli ya moyo. Ikipanda katika damu kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, ni dalili kwamba misuli hiyo inaumia. Ya mzee wetu ilipanda.

Alhamdulillah, yu hai. Lililotushughulisha sisi wa kamati ni jambo jingine. Mwanawe, akitafuta kadi ya bima, alikuta kabatini, pamoja na hati ya kiwanja, karatasi ya vipimo vya lehemu ya miaka miwili nyuma. Namba zilikuwa juu. Hapakuwa na mtu aliyemsomea.

Troponini huleta habari moyo umekwisha kuumia. Lehemu huonya mapema. Ile iitwayo LDL hujipenyeza katika kuta za mishipa inayoulisha moyo na kujenga utando kwa miaka mingi, bila maumivu yoyote. Kipo pia kipimo cha lipoprotini(a), ambayo mtu huirithi kwa wazazi, na ambayo kwa kawaida huwa juu zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Chakula hakiibadilishi sana. Si kila maabara hukipima, lakini mwenye baba au ndugu aliyepatwa na moyo angali kijana anayo haki ya kukiulizia.

Hata hivyo namba moja haitoshi. Utafiti ulioanza mwaka 1948 katika mji wa Framingham, Marekani, ulisaidia kuonyesha kwamba lehemu, presha, sigara, kisukari na umri huhesabiwa pamoja. Shirika la Afya Duniani lina majedwali ya kukadiria hatari hiyo, hata kwa mtu asiyepimwa damu: uzito na urefu hushika nafasi ya lehemu.

Tumeulizwa kama kutoa damu ya vipimo hubatilisha saumu. Wanazuoni walio wengi, Mashafii wakiwamo, wanaona haibatilishi, kwa kutegemea riwaya ya Ibn Abbas kwamba Mtume (s.a.w.) alifanya hijama naye amefunga. Nao wanaodhani lehemu haipimwi ila kwa mwenye njaa waulize kwanza maabara, kwani mara nyingi siku hizi si lazima.

(Kuhusu futari tuseme moja tu: mafuta ya alizeti ya kwetu ni mema, lakini si yakikaangiwa sambusa siku ya nne mfululizo.)

Wana watatu wa mzee wamekwenda kupima. Wa pili, mwenye miaka 36, mwembamba na asiyevuta sigara, alikutwa na LDL iliyo juu kupita ya baba yake. Daktari amemwanzishia dawa. Karatasi yake mama ameibandika ukutani, kando ya ratiba ya swala.