Pakistan ya Yahya Khan

Pakistan iliyozaliwa mwaka 1947 ilikuwa na umbo la ajabu: upande wa magharibi, upande wa mashariki, na katikati kilomita zipatazo 1,600 za India. Serikali na maofisa wa jeshi walikuwa magharibi. Mashariki kulikuwa na mito, mpunga na watu wengi zaidi. Juti ya Wabengali, ile inayoshonewa magunia, iliingiza sehemu kubwa ya fedha za kigeni, lakini matumizi yalipangwa Karachi, baadaye Islamabad. Mwaka 1952 wanafunzi walipigwa risasi Dhaka kwa kukataa Kiurdu kiwe lugha pekee ya taifa.

Jenerali Yahya Khan alishika madaraka Machi 1969, maandamano yalipomshinda Rais Ayub Khan. Tumpe haki yake: aliitisha uchaguzi wa nchi nzima wa kila mtu kura moja, na kura hazikuibwa. Nionavyo, alitegemea kwamba hakuna chama kitakachopata wingi, naye abaki msuluhishi wa wote. Novemba 1970 kimbunga kikaua mamia ya maelfu ya watu mashariki; Yahya, akitokea Uchina, akakagua kutoka angani kisha akaenda zake. Mwezi uliofuata, kwenye uchaguzi huo, chama cha Awami League cha Sheikh Mujibur Rahman kikazoa viti 160 kati ya 162 vya upande huo, vya kutosha kuunda serikali peke yake. Zulfikar Ali Bhutto, mshindi wa magharibi, akagoma kwenda kwenye Bunge Dhaka, na tarehe 1 Machi 1971 Yahya akaliahirisha.

Huku mazungumzo yakiendelea, askari walisafirishwa mashariki kwa ndege za abiria, wamevaa kiraia. India ilikuwa imewafungia anga, kwa hiyo ndege zilizunguka kusini kupitia Colombo. Mtu kwenda upande wa pili wa nchi yake kwa kuizunguka nchi ya watu! Usiku wa 25 Machi vifaru viliingia mitaani na Chuo Kikuu cha Dhaka kikashambuliwa. Wakimbizi wapatao milioni 10 walikimbilia India. Tarehe 3 Desemba ndege za Pakistan zilishambulia viwanja vya ndege vya India, na India ikaingia vitani waziwazi. Tarehe 16 Jenerali Niazi, kamanda wa Pakistan upande wa mashariki, alitia saini hati ya kusalimu amri kwenye uwanja wa mbio za farasi Dhaka, na Bangladesh ikawa huru.

Siku nne baadaye Yahya alimwachia Bhutto madaraka, na Bhutto akamweka kizuizini nyumbani. Tume ya kuchunguza kushindwa huko, chini ya Jaji Hamoodur Rahman, Mbengali, ilipendekeza ashtakiwe hadharani pamoja na majenerali wenzake. Alifariki mwaka 1980 bila kupandishwa kizimbani.