KASAN: mkamata kasoro asiyeingia kwenye simu za Buyenzi

Kwa fundi simu wa Bujumbura, awe Buyenzi au katikati ya mji, simu inayojizima na kujiwasha yenyewe ina maradhi matatu tu: betri, mfumo wa chaji, au virusi. Betri ikibadilishwa na tatizo likabaki, simu inafleshiwa. Ikirudia, mteja anaambiwa imechoka, atafute nyingine. Hukumu hiyo huniudhi, na si kwa kuwa mafundi wetu hawajui kazi. Mtu anayebandua chipu ya milimita mbili kwa bomba la hewa ya moto, akaisafisha na kuirudisha mahali pake, hana wa kumfundisha kazi ya mikono. Linaloniudhi ni kwamba yupo mtuhumiwa wa nne asiyetajwa hata siku moja: kosa la kumbukumbu ndani ya kerneli.

Kerneli ndiyo programu ya chini kabisa kwenye simu, inayogawa kumbukumbu na kuendesha skrini, laini na kamera. Programu nyingine zote huipigia hodi. Android yote imekaa juu ya kerneli ya Linux, na sehemu kubwa ya Linux imeandikwa kwa lugha ya C. Lugha hiyo humwamini mwandishi wake kupita kiasi. Akiiambia iandike kwenye anwani fulani, inaandika, hata kama anwani yenyewe si yake tena.

Ubaya wa kosa la namna hii ni kwamba halijionyeshi pale linapotokea. Sehemu moja ya kerneli inaomba baiti kadhaa, inazitumia, inazirudisha. Sehemu nyingine iliwahi kuiandika pembeni anwani ya baiti zilezile, na hakuna aliyeiambia kwamba zimerudishwa. Ni kama mpangaji aliyehama chumba cha uani akabaki na ufunguo. Akirudi akakuta chumba bado kitupu, hakuna atakayejua. Akirudi akakuta wameshaingia watu wengine na akaanza kuhamisha vitu, ugomvi utawaangukia waliomo, naye atakuwa ameshaondoka. Ndiyo maana simu inaweza kuzimika katikati ya kutuma pesa ilhali kosa lilifanyika muda mrefu kabla, kwenye kipande cha kerneli kisichohusiana na pesa kwa lolote. Fundi atatafuta wapi?

Anayejua pa kutafuta ni KASAN, mkaguzi wa kumbukumbu anayejengwa ndani ya kerneli yenyewe. Andrey Ryabinin ndiye aliyeiingiza kwenye kerneli rasmi, toleo la 4.0 la Aprili 2015, akifuata wazo la AddressSanitizer ambalo Google walikuwa wameshalifanyia kazi kwa programu za kawaida. Watu wengi wakisikia habari za usalama wa kompyuta hufikiria nywila na wadukuzi waliovaa kofia. Kazi yenyewe mara nyingi ni uhasibu wa baiti, na huu wa KASAN ni uhasibu mzuri kuliko wote ninaoujua.

KASAN hutwaa sehemu moja ya nane ya kumbukumbu yote na kuifanya kivuli. Kila baiti nane za kweli zina baiti moja ya kivuli inayozitolea ushahidi. Kivuli kikiwa sifuri, baiti zote nane ni halali kuguswa. Kikiwa 5, tano za mwanzo ni halali na tatu zilizobaki ni haramu. Kikiwa na thamani hasi, hakuna ruhusa kabisa, na thamani yenyewe, ikiandikwa kwa heksadesimali, hutaja sababu: fc ni uzio uliowekwa makusudi kuzunguka kitu, fb ni kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa. Kukipata kivuli cha anwani yoyote ni hesabu ya shule ya msingi: gawanya anwani kwa nane, jumlisha namba moja isiyobadilika. Kompaila inapojenga kerneli huchomeka swali dogo kabla ya kila kusoma na kila kuandika: kivuli kinasemaje?

Lakini kinachonifurahisha zaidi ni karantini. Kwa kawaida kerneli ina haraka. Kumbukumbu iliyorudishwa sasa hivi ndiyo hupenda kuitoa kwa mwombaji anayefuata, maana huenda bado imo kwenye kashe ya prosesa na itafanya kazi upesi. KASAN haikubali. Kila kinachorudishwa huwekwa kwenye foleni, kivuli chake kimeandikwa fb, na hakipewi mtu hadi foleni ijae, yaani ifikie takriban sehemu moja ya thelathini na mbili ya kumbukumbu ya mashine. Chumba kimeachwa kitupu kwa makusudi na mwenye nyumba amekaa mlangoni. Mwenye ufunguo wa zamani akija wakati huo, anakamatwa mkono ukiwa kwenye kitasa.

Akikamatwa, ripoti yake inapendeza kusoma, kwa wanaopenda mambo haya. Inasema ni kosa la aina gani na lilitokea kwenye anwani ipi. Kisha inaweka mbele yako njia tatu, kila moja na majina ya vipengele vya kerneli vilivyopitiwa: nani aligusa, nani aliomba kumbukumbu hiyo mwanzoni, na nani aliirudisha. Mwishoni kuna mistari mitano ya kivuli, baiti kumi na sita kila mstari, fb fb fb fb, na alama ndogo inayonyooshea baiti yenye hatia.

Hata hivyo KASAN hukamata tu kinachopita mbele yake; lazima awepo wa kuisumbua kerneli. Kazi hiyo hufanywa na syzkaller, programu iliyoanzishwa na Dmitry Vyukov wa Google mwaka 2015. Huiletea kerneli maombi yaliyochanganywa ovyo usiku na mchana, mengine ya maana, mengine upuuzi mtupu, na KASAN ikipiga kelele, syzkaller huyakata na kuyakata maombi hayo hadi ibaki na programu fupi kabisa inayolirudia kosa.

Novemba 2017 wawili hao walinasa kosa kwenye Binder, njia ambayo programu za Android hupitia kuzungumza na mfumo na kuzungumza zenyewe kwa zenyewe. Programu iliyolifichua ni fupi mno: fungua Binder, iandikishe kwenye epoll, ambayo ni huduma ya kerneli ya kusubiri matukio, kisha iambie Binder kwamba uzi wako wa kazi umekwisha. Hapo Binder hurudisha rekodi yake ya uzi huo, ambayo kwenye Pixel 2 ina baiti 408. Ombi la baiti 408 hupewa nafasi ya 512, kwa hiyo chini ya KASAN kivuli cha rekodi hiyo ni sifuri 51 zikifuatwa na fc 13. Ikirudishwa, baiti zote 64 za kivuli hugeuka fb. Epoll haina habari. Imeshika anwani ya foleni iliyokuwa ndani ya rekodi ileile, na wakati wa kufunga hesabu inakwenda kujitoa kwenye foleni ambayo haipo tena. Inaandika. Kivuli kinasema fb.

Februari 2018 kosa lilirekebishwa kwenye kerneli ya Linux, na kwenye matawi ya Android ya 3.18, 4.4 na 4.9. Ungedhani mambo yameishia hapo. Rekebisho halikuwahi kuingizwa kwenye taarifa za kila mwezi za usalama wa Android, na simu zilizokwisha kuuzwa hazikulipata. Tarehe 27 Septemba 2019 Maddie Stone wa Project Zero, kikosi cha usalama cha Google, aliliripoti upya kwa Android, safari hii akitoa siku saba tu kabla ya kulitangaza hadharani, kwa kuwa kulikuwa na ushahidi kwamba tayari lilikuwa likitumika kuvamia simu za watu. Orodha ya simu zilizokuwa wazi ilikuwa na Pixel 2, Huawei P20, Redmi 5A, na Samsung S7, S8 na S9: simu za aina ileile tunayoipenda mtumba. Likapewa namba CVE-2019-2215. Januari 2020 kampuni ya Trend Micro ikatangaza kwamba imekuta programu tatu kwenye duka la Google zilizohusishwa na shambulio la kosa hilo, na huenda zilikuwa zikifanya kazi tangu Machi 2019.

Mashine ililikamata kosa mwaka 2017. Mnyororo uliokwama ni ule wa watu. Rekebisho la Linux huchukuliwa na Google, hupita kwa mtengenezaji wa chipu, kisha kwa mwenye chapa ya simu, ndipo lije kwenye mkono wa mtu aliyesimama soko la Ruvumera, na kila kituo kina sababu zake za kuchelewa au kuacha kabisa. Na likifika lina uzito wa mamia ya megabaiti, pengine gigabaiti nzima. Anayenunua mega za siku moja atabonyeza "baadaye" mpaka simu ife, na mimi simlaumu. Nawalaumu wanaouza simu mpya yenye kerneli ambayo uangalizi wake umebakiza mwaka mmoja.

Hili unaweza kulikagua mwenyewe. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, utafute toleo la kerneli na tarehe ya sasisho la usalama. Toleo likianza na 4.4, walezi wa Linux waliliaga Februari 2022. Tawi la 4.9 liliagwa Januari 2023, la 4.14 Januari 2024, la 4.19 Desemba 2024. Skrini nzima, betri nzima, redio nzima, lakini kerneli yatima. Kisha tunaitupa na kusema imechoka.

Kwa nini basi KASAN yenyewe isiwekwe kwenye simu zetu? Gharama. Simu ya gigabaiti 2 itapoteza megabaiti 256 kwa kivuli peke yake, kabla hujahesabu uzio na karantini, na yale maswali madogo yatairudisha nyuma kwa kiasi ambacho hakuna atakayekivumilia. Kuna prosesa mpya za Arm zinazofanya ukaguzi kama huo kwa alama za kumbukumbu ndani ya chipu, na Pixel 8 ya mwaka 2023 ilikuja na uwezo huo, ila bei yake si ya soko letu.

Kilicho karibu nasi zaidi ni KFENCE, kazi ya Marco Elver na Alexander Potapenko wa Google, iliyoingia toleo la 5.12 la kerneli mwaka 2021. Haikagui kila kitu. Kila milisekunde 100, kwa mipangilio ya kawaida, ombi moja la kumbukumbu huchukuliwa na kupelekwa kwenye eneo maalumu la nafasi 255, megabaiti 2 kwa jumla. Humo kila kitu kina ukurasa wake wa baiti 4,096, kimesukumwa hadi ukingoni, kushoto au kulia kwa bahati nasibu, na kurasa za jirani zimefungwa. Anayevuka ukingo anagonga ukurasa uliofungwa na prosesa yenyewe inamsimamisha. Anayerudi baada ya kuhama naye anakuta pamefungwa. Bruce Perens alitumia wazo hilo tangu 1987 kwa programu za kawaida. Simu moja inaweza kukaa mwaka mzima bila kunasa kitu, lakini ziwekwe milioni na bahati inageuka kuwa uhakika. Kerneli mpya za Android zinakuja nayo, kwa hiyo baadhi ya simu zinazouzwa hapa mjini huenda zinakamata makosa halisi. Ripoti huandikwa kwenye daftari la ndani la kerneli, na kama mwenye chapa hakuweka njia ya kuipokea, kwa kawaida hupotea simu ikizimwa. Hilo naliona ufujaji kuliko hata simu zinazotupwa.

Kwingineko KASAN na ndugu zake wanatumika kusaka makosa ya USB, Bluetooth, Wi-Fi na mifumo ya mafaili. Mfumo wa NetBSD una yake tangu 2018, Windows 11 ilipata yake kwenye toleo la 22H2. Ruta, televisheni na seva zinazoendeshwa na Linux hunufaika zote bila wenye nazo kujua. Mwanafunzi wa kompyuta hapa Bujumbura hahitaji kibali cha mtu: awashe chaguo la CONFIG_KASAN, ajenge kerneli usiku umeme ukiwepo, aiendeshe ndani ya QEMU, kompyuta ya kuigiza, kwenye laptop. Orodha ya syzbot, mfumo unaoendesha syzkaller mfululizo, iko wazi kwa umma, ina mamia ya kasoro zinazosubiri wa kuzirekebisha, na nyingi zimeambatanishwa na programu fupi ya kulirudia kosa.