Eponji, brosi ao waya? Namna ya kuchagua vifaa vya kuoshea masahani nyumbani



Tukimaliza masomo, wengi wetu tunakodisha chumba ao nyumba ndogo, watu wawili ao watatu. Tunanunua godoro, mbabula, sufuria mbili, sahani ine. Juu ya vifaa vya kuosha hivyo vyombo, hakuna mwenye anafikiri. Mutu anakamata kipande cha eponji chenye kiko karibu, anaosha, basi. Lakini ile eponji inagusa kila kitu chenye kinaingia mu kinywa yako, asubui na mangaribi. Na sisi wenye tunaishi kando ya Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika tunajua kolera inapitia wapi: mu maji, mu mikono, mu chakula na mu vyombo. Kwa hiyo tuangalie hii mambo pole pole, kama watu wenye walisoma.

1. Anza na maji, siyo na eponji

Kifaa cha kwanza ni basini. Mu Goma ao Bukavu, kuko nyumba zenye robineti inatoa maji saa chache tu, na zingine zinaishi na bidoni ya litri 20. Wakati Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, watu wengi wa Goma walibaki bila maji kwa sababu vifaa vya kugawa maji viliharibika. Maji ni feza, na pia ni mugongo wa mutu mwenye anayabeba.

Robineti yenye imefunguliwa inaweza kumwaga litri 6 kwa dakika moja. Ukiosha chini yake dakika 10, umemaliza litri 60, ni kusema bidoni tatu. Na basini tatu, bidoni moja inatosha na inabakia: litri 4 za sabuni, litri 5 za kusuuza mara ya kwanza, litri 5 za kusuuza mara ya pili. Kama uko na basini mbili tu, moja ni ya sabuni, moja ya kusuuza, na kikombe cha kumwangia maji safi mara ya mwisho. Ile maji ya kusuuza haitupwe: inalowesha sufuria yenye kuungua, kisha inaenda mu choo.

Chagua basini ya plastiki nzito, yenye chini yake iko laini, bila mikwaruzo mingi, juu uchafu unajificha ndani ya mikwaruzo. Na chukua rangi ya pekee. Basini ya kufulia nguo za ndani ao nguo za mutoto isiguse masahani hata siku moja. Kama nyumba iko na watu watatu, muambiane wazi: ya buluu ni ya jikoni, ya nyekundu ni ya nguo.

2. Kitu cha kusugulia

Hapa njo kuko mambo mingi.

Eponji iko laini, inashika sabuni muzuri, na bei yake iko chini. Shida yake ni kwamba inabakia na maji na mabaki ya chakula, na mikrobe inapenda vile viwili. Mu mwaka wa 2017, watafiti wa Ujerumani walichunguza eponji 14 zenye zilitumiwa mu majikoni. Waliona kwamba mu sehemu zingine bakteria zilikuwa nyingi sana, kufikia makumi ya mamiliari mu sentimeta kube moja. Zaidi ya ile, eponji zenye wenyewe walisema wanazisafisha kila mara hazikuwa na bakteria chache kupita zingine. Haimaanishe kila eponji itakugonjesha, kwa sababu bakteria nyingi za mule si za hatari. Lakini inaonyesha kwamba kuchemsha eponji ya zamani haiirudishe kuwa mupya. Afazali kuibadilisha. Kata eponji moja vipande viwili ao vitatu, tumia kimoja kimoja, tupa mbele ianze kunuka.

Brosi yenye mukono, ya nywele za plastiki, inakauka haraka kupita eponji. Njo sababu watafiti wa Nofima, kule Norwe, waliona kwamba Salmonella inakufa mu brosi yenye inaachwa ikauke, wakati mu eponji inaendelea kuishi. Brosi inadumu miezi, na mukono wako hauguse maji ya moto. Haiko ya ajabu kwa glasi ndogo, lakini kwa sahani na sufuria inafaa sana. Mutu akiniuliza anunue kitu kimoja tu, nitamwambia brosi.

Wavu wa nailoni, kama ule wa mufuko wa vitunguu, unakauka haraka na haukwaruze sana. Kama umetoka na vitunguu, uoshe kwanza, kisha utumie, ni bure. Lakini musikate mustikere ya kulalia kwa kazi hii. Mustikere zenye tunagawiwa ziko na dawa ya kuua mbu, na ile dawa haiko ya kugusa sahani. Tena kitanda kinabakia wazi.

Waya ya chuma inatoa masizi na bugali yenye kuungua, hakuna ubishi. Lakini vipande vyake vidogo vinakatika na kubakia mu sufuria, kisha vinaingia mu chakula. Tumia nje ya sufuria tu, na usuuze muzuri.

Muchanga na majivu ni vifaa vya bamama zetu, na haviko vya kuzarau. Majivu ya kuni iko na chumvi zenye zinageuza mafuta kidogo kuwa kama sabuni. Njo maana inaosha. Lakini angalia sufuria yako ni ya nini. Kama ni alumini, majivu inakula ile metali na muchanga unaikwaruza. Alumini inajifunika yenyewe na ngozi nyembamba sana yenye inailinda. Kila mara unasugua ndani mpaka ing'ae kama kioo, unaiondoa ile ngozi. Tena sufuria nyingi zenye zinayeyushwa mu mitaa zinatoka mu vyuma vya zamani vya kila namna: utafiti wenye ulitoka mu 2014 ulionyesha risasi ndani ya sufuria za namna ile mu Kameruni. Kwa hiyo ndani ya alumini tumia kitu laini na uloweshe. Weusi kidogo wa ndani hauna shida. Mu mitaa yetu watu wanapima usafi wa nyumba kwa kung'aa kwa sufuria. Acha nje ing'ae kama unapenda, ndani uiache na amani.

3. Maji ya baridi ao ya moto?

Inategemea ulikula nini. Mafuta ya mawese inaanza kuganda kama haina joto la kama digri 35. Asubui ya Bukavu haifike pale. Kwa hiyo sahani ya sombe inaomba maji ya vuguvugu; bila ile, unatembeza mafuta tu toka sahani moja mpaka ingine. Lakini sufuria ya bugali inaomba maji ya baridi na saa moja ya kulowa, juu maji ya moto inageuza ule unga kuwa gundi. Mayai na sambaza pia: baridi kwanza, moto kisha. Kulowesha ni bure, na inapunguza kusugua kupita waya yoyote.

Kwa sabuni, ya kipande ao ya maji, zote zinafanya kazi moja: upande mumoja wa sabuni unashika mafuta, ule mwingine unashika maji, na mafuta inaenda na maji. Povu nyingi si alama ya usafi. Sabuni ya maji yenye watu wanatengeneza mu kartie ni kazi ya kuunga mukono, lakini kama inaunguza mikono, soda imezidi, usiitumie. Na kama unatia klore mu maji ya kusuuza wakati kolera iko mu kartie, usiichanganye hata kidogo na ndimu ao vinegre: inatoa gazi yenye kuumiza mapafu.

4. Panga na kukausha

Osha glasi kwanza, kisha vijiko, sahani, na sufuria mwisho. Ukianza na sufuria, maji yote inakuwa ya mafuta.

Kisha, usipanguse na torsho yenye iko imening'inia pale tangu juma yote. Weka vyombo vikauke vyenyewe, vimegeuzwa, juu ya meza ndogo ya miti ao kapu yenye matundu, mbali na udongo na kuku. Hewa na jua haviombe feza. Brosi nayo itundikwe, isilale ndani ya basini.

5. Kununua

Kama feza haitoshe, fuata hii njia: basini ya jikoni peke yake kwanza, brosi ya pili, eponji ndogo ya glasi ya tatu, kapu ya kukaushia ya ine. Waya ngoja mpaka kitu kiungue.

Neno la mwisho ni kwa wandugu wanaume wenye wanaishi pamoja na dada yao, ao wenye wanangoja rafiki wa kike atembelee njo masahani yaoshwe. Diplome haina mistari yenye inasema mukono wa mwanaume hauingie mu basini. Mwenye amekula, aoshe. Na mwenye anaosha kila siku njo atajua haraka kwamba ile eponji ya mwezi wa tatu inapaswa kutoka leo.