Mguu wa Bandia Unaochutama

Mtu aliyekatwa mguu chini ya goti hahitaji kitu cha kujazia suruali. Anahitaji mguu utakaomrudisha shambani, sokoni, msikitini au darasani. Jambo hili ni wazi, lakini kwa miaka mingi watengenezaji wa viungo vya bandia hawakulizingatia ipasavyo.

Katika miaka ya 1960, Dakta P. K. Sethi, mpasuaji wa mifupa katika hospitali ya Sawai Man Singh mjini Jaipur, India, aliona kwamba wagonjwa waliopewa miguu ya mitindo ya Ulaya na Marekani waliiacha nyumbani wakarudia magongo. Miguu ile haikuwa mibovu. Ilibuniwa kwa ajili ya mtu anayevaa viatu mchana kutwa na kuketi kitini. Ndani ya wayo wake mlikuwamo kipande kirefu cha mbao, na kwa sababu hiyo kifundo hakikukunjika. Mkulima wa India huchutama, huketi sakafuni akikunja miguu, tena huingia pekupeku katika jaruba la mpunga. Msomaji wa huku kwetu hana haja ya kuelezwa zaidi. Na akumbuke tu choo cha shimo.

Sethi alishirikiana na Ram Chandra Sharma, fundi stadi ambaye masomo yake ya shule yalikuwa machache mno. Mwaka 1968 wakapata wayo wa namna nyingine. Kisigino na sehemu ya mbele ni mpira laini kama sifongo, na kifundo ni kipande kifupi cha mbao. Vyote hufungwa kwa mpira wenye nyuzi kama ule wa magurudumu, huvikwa mpira wa rangi ya ngozi, kisha hupikwa ndani ya kalibu hadi tabaka zote zishikamane. Kwa kuwa mbao ni fupi, wayo hukunjika kuelekea juu mvaaji anapochutama, na hujipinda pembeni akanyagapo mawe. Maji na matope hayaudhuru upesi.

Mwaka 1981 Sudha Chandran, mchezaji wa ngoma ya Bharatanatyam, alipoteza mguu wa kulia baada ya ajali ya basi. Ngoma hiyo huchezwa pekupeku, mchezaji akipiga nyayo sakafuni kwa kishindo. Mwaka 1984 alirudi jukwaani kwa mguu wa Jaipur. Isidhaniwe kuwa mguu ulicheza wenyewe. Miaka ile ya katikati ilikuwa ya mazoezi makali.

Hata hivyo, wayo ukiwa bora kiasi gani, mvaaji hasimami juu yake moja kwa moja. Husimama ndani ya soketi, yaani ule mfuko mgumu unaopokea kigutu, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye elimu kubwa zaidi. Mtu wa kilo 60 ana uzito wa nyutoni 600 hivi. Ukibebwa na ncha ya kigutu yenye eneo la sentimita mraba 10, kila sentimita mraba hubeba nyutoni 60, nayo ngozi huchubuka. Ukitawanywa juu ya sentimita mraba 200, kila moja hubeba nyutoni 3 tu. Mwanafunzi na aibane penseli iliyochongwa kati ya vidole viwili: kani ni moja pande zote mbili, lakini kidole kimoja ndicho kitakacholalamika.

Kigutu nacho hubadilika. Hupungua sana katika miezi ya mwanzo, na soketi iliyokaa vizuri huanza kulegea. Mvaaji huongeza soksi, huosha kigutu kila jioni, na huikagua ngozi kwa kioo. Lengelenge dogo lililopuuzwa laweza kumrudisha kwenye magongo kwa majuma kadhaa.

Huko Moshi, penye hospitali ya KCMC, chuo cha mafundi wa viungo vya bandia kilifunguliwa mwaka 1981. Kazi ya fundi huanza kwa kuzungushia kigutu bendeji yenye plasta ili kupata umbo lake. Umbo hilo hupunguzwa hapa, huongezwa pale. Soketi ikiisha kutengenezwa, mgonjwa husimamishwa, naye fundi hupiga magoti mbele yake na kumwuliza panapomfinya.